Jina Halibebi Ukoo: Uhakiki wa Utafiti wa Nasaba, kutoka Kearney wa Ayalandi hadi baiseNgobi wa Busoga

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mbinu ya kufuatilia asili na matawi ya familia kwa kulifuata jina la ukoo, mbinu iliyokomaa Ayalandi na ambayo sasa inaingia mashariki mwa Uganda kupitia sajili za vitambulisho. Kazi ya MacLysaght kuhusu majina ya Kiayalandi inasomwa sambamba na kazi za Lubogo, Fallers na Cohen kuhusu Busoga. Hoja kuu ni kwamba jina la mtu si kipimo cha nasaba katika eneo hili, na kwamba sajili inayolichukulia hivyo inagusa urithi, ardhi na ndoa za walio hai, pamoja na kazi ya watafiti wajao.

Mtego wa sauti

Mgeni anayepanda kilima cha Wanyange, nje kidogo ya mji wa Jinja, huliona ziwa likiwa limetandazwa chini yake, na kama anakijua Kiganda hulisikia ndani ya jina la kilima neno nyange, yule ndege mweupe afuataye ng'ombe malishoni ambaye Waswahili humwita yangeyange. Kama amesoma kidogo historia ya Buganda, atakumbuka pia kwamba uko huko ukoo wa Nnyonyi Nnyange, mmojawapo wa koo zinazosemwa kuwa zilikuwapo kabla ya kuja kwa Kintu. Kufumba na kufumbua, nadharia imekamilika: kilima kimepewa jina la ukoo, ukoo umetoka ng'ambo ya Nile, na wenyeji wa kilima ni tawi lake.

Hakuna hata hatua moja ya nadharia hiyo iliyothibitishwa. Imejengwa juu ya mfanano wa sauti, na mfanano wa sauti ndio ushahidi ulio rahisi kuliko wote kupatikana na ulio dhaifu kuliko wote ukipingwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maandishi kuhusu asili ya koo mashariki mwa Uganda, yaliyochapwa na yasiyochapwa, imeanza kwa hatua hiyohiyo: jina la mahali, jina la mnyama, jina la babu, kisha safari ndefu inayoyaunganisha. Ili kuonyesha tatizo liko wapi, inafaa kwanza kuitazama nchi ambako utafiti wa majina ya ukoo umefanywa kwa bidii na kwa muda mrefu, kisha kurudi Busoga.

Jina moja, koo mbili

Ayalandi ni miongoni mwa nchi za Ulaya zilizotangulia kuwa na majina ya ukoo yanayorithiwa. Mfumo wake unaeleweka upesi kwa Mwafrika wa Mashariki: Mac humaanisha mwana wa, na Ó humaanisha mjukuu au mzao wa. Nyuma ya jina yuko babu anayetajwa. Anayelisikia kwa mara ya kwanza hudhani kazi ya mtafiti ni kumtafuta babu huyo tu.

Edward MacLysaght, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa ofisi ya nembo na nasaba ya taifa hilo, aliivunja dhana hiyo katika kitabu chake Irish Families cha mwaka 1957. Tuchukue jina Kearney. Katika maandishi ya Kiingereza ni jina moja. Katika Kiayalandi ni majina mawili yasiyohusiana: Ó Cearnaigh na Ó Catharnaigh. Karani aliyesikia kwa sikio la Kiingereza aliyaandika yote kwa herufi zilezile, na tangu hapo watu wa koo mbili wakawa familia moja katika madaftari. Jambo la kinyume lilitokea vilevile. Wakuu wa Ó Catharnaigh walikuwa na lakabu Sionnach, yaani mbweha. Tawi lililoishikilia lakabu hiyo likaitwa Fox kwa Kiingereza. Kwa hiyo Kearney wawili wanaweza wasiwe na babu mmoja, ilhali Kearney na Fox wanaweza kuwa naye. Anayefuata jina anapotea pande zote mbili.

Mfano huu haukuchaguliwa kwa sababu ya lugha peke yake. Teresa Kearney, aliyezaliwa mwaka 1875 karibu na Arklow katika jimbo la Wicklow, alifika Uganda mwaka 1903 pamoja na masista wenzake wa Kifransisko, akifanya kazi chini ya mapadri wa Mill Hill waliokabidhiwa eneo lote la mashariki, kuanzia sehemu ya Buganda hadi Busoga na Mbale. Watu hawakumwita Kearney. Walimwita Mama Kevin, kwa jina lake la utawa, na neno kevina likaingia katika usemi wao kwa maana ya hospitali au kazi ya huruma. Alifariki mwaka 1957 na amezikwa Nkokonjeru, Buganda. Wala asichanganywe msomaji na mlima ulio juu ya mji wa Mbale, ambao wenyeji huuita Wanale lakini baadhi ya ramani huuita Nkokonjeru pia. Jina la babu yake halikuacha alama Uganda, na jina alilopewa na utawa likawa neno la watu wote. Anayetaka kujua kama alitokana na Ó Cearnaigh au Ó Catharnaigh hawezi kuambiwa na jina Kearney.

Udhaifu wa MacLysaght, kama ni haki kuuita hivyo, ni kwamba aliandika kwa ajili ya nchi yenye karatasi, japo karatasi hizo zilikuwa zimeungua. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Dublin, jengo la hifadhi ya nyaraka za taifa liliteketea pamoja na kumbukumbu za karne nyingi. Watafiti wa Ayalandi wamelazimika tangu hapo kufanya kazi na vibadala: orodha za kodi ya ardhi, vitabu vya ubatizo, nakala zilizokuwa zimehifadhiwa kwingineko. Mwaka 2022, miaka 100 baada ya moto huo, ilizinduliwa hazina ya kidijitali iliyojengwa kwa kukusanya nakala hizo kutoka pembe mbalimbali za dunia. Jambo hilo litarejewa, kwa kuwa Busoga nayo ina moto wake.

Kinachofanana na jina la ukoo, na kisichofanana

Katika Busoga, kundi la ukoo hutajwa kwa kiambishi baise kikifuatwa na jina la mwanzilishi: baiseNgobi, baiseMukose, baiseIgulu. Kimuundo, baise inakaribiana na Uí ya Kiayalandi, wingi wa Ó, inayotaja kundi zima la wazao. Ulinganisho huu ndio unaowavutia wengi, na hapo ndipo wanapoteleza. Mwayalandi hubeba jina la kundi katika jina lake mwenyewe. Msoga habebi. Hakuna aitwaye baiseNgobi katika daftari la shule. Anaitwa Waiswa, au Muloki, au Kiiza, na ukoo wake hutajwa anapoulizwa.

Tena majina anayoitwa yana kazi zake mbalimbali. Yapo yanayohifadhiwa na ukoo na kupewa watoto wake. Yapo ya kuzaliwa, ambayo hayana ukoo hata kidogo: Waiswa na Tenywa kwa mapacha wa kiume, Babirye na Kawudha kwa wa kike, Isabirye kwa baba yao, Nabirye kwa mama yao, Kiiza kwa mtoto anayewafuata. Yapo pia yaliyo vyeo: Zibondo wa Bulamogi, Gabula wa Bugabula, Ngobi wa Kigulu, Tabingwa wa Luuka, Nkono wa Bukono. Mtafiti anayeyaweka yote chini ya kichwa kimoja, jina la ukoo, amekwisha kuchanganya vitu vitatu kabla hajaanza.

Ukoo wa kifalme wenyewe unatoa somo lililo wazi. Ezekiel Tenywa Wako, Zibondo wa Bulamogi, alikuwa Kyabazinga wa kwanza mwaka 1939. Mwanawe, Henry Wako Muloki, alirudishwa katika kiti hicho mwaka 1995 baada ya tawala za jadi kurejeshwa. Mwana wa huyo ni Edward Columbus Wambuzi. Anayesoma neno la mwisho la kila jina atahesabu familia tatu, Wako, Muloki na Wambuzi, ambapo kuna nyumba moja. Upande wa Bugabula mambo ni kinyume: William Wilberforce Nadiope, aliyekuwa Kyabazinga na makamu wa rais wa kwanza wa Uganda, na mjukuu wake William Gabula Nadiope wa Nne, wanashiriki jina kwa sababu ukumbusho wa babu na cheo cha Gabula vimelishikilia. Pande zote mbili ni baiseNgobi. Muloki alipofariki mwaka 2008, ulizuka mvutano uliodumu hadi Nadiope alipotawazwa mwaka 2014, na katika mvutano huo hakuna upande uliodai kiti kwa sababu ya jina. Hoja zilihusu nyumba tano za Ngobi zinazokubalika kutoa Kyabazinga, zamu zao, na nani mwenye haki ya kuchagua. Nasaba ilibishaniwa kama mahusiano, si kama maneno.

Lubogo, Fallers, Cohen

Kitabu cha Y. K. Lubogo, A History of Busoga, kilichochapwa Jinja mwaka 1960, kingali kikinukuliwa kila mahali, na kwa haki. Lubogo alikuwa mtumishi wa utawala wa Busoga. Alijua nani aliketi wapi. Lakini ujuzi huo ndio uliompa kitabu umbo lake. Historia inapangwa himaya kwa himaya, na ndani ya kila himaya mtawala humfuata mtawala. Koo zisizotawala huingia kama wageni waliopokewa, watumishi waliopewa ardhi, au wenyeji walioshindwa. Msomaji anayetafuta matawi ya ukoo wa kawaida hujikuta akisoma matawi ya madaraka. Mwaka 1974 David Henige aliwaonya wanahistoria wa masimulizi kwamba orodha za watawala hurefuka pale urefu wenyewe unapokuwa na faida, na kwamba msimulizi aliyesoma kitabu hurudisha kitabu hicho kwa mtafiti kama kumbukumbu ya babu. Onyo hilo linamhusu Lubogo kwa njia mbili: kama mkusanyaji wa orodha, na kama kitabu ambacho wazee waliofuata walikuwa wamekisoma.

Lloyd Fallers, aliyefanya utafiti Busoga mwanzoni mwa miaka ya 1950, hakuwa mtafiti wa asili, na pengine ndiyo sababu alichoacha kina manufaa makubwa kwa wanaozitafuta asili. Katika Bantu Bureaucracy (1956), na baadaye katika uchambuzi wake wa kesi za mahakama za Busoga (1969), ukoo unaonekana ukifanya kazi: ukikaa katika olumbe baada ya mazishi, ukimtangaza musika, yaani mrithi, ukipinga kiwanja kuuzwa. Majalada ya kesi huandika ukoo pale unapobishaniwa, na pale unapobishaniwa ndipo watu hulazimika kusema waziwazi wanachokijua na kukikana wasichokikubali. Kwa mtafiti wa nasaba, ukurasa mmoja wa ugomvi wa shamba unaweza kuzidi sura nzima ya masimulizi ya safari.

David William Cohen ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Katika The Historical Tradition of Busoga (1972), kutokana na kazi ya uwandani ya miaka ya 1966 na 1967, hakumsoma Mukama kama mtu mmoja tu aliyepita akiacha wana nyuma yake, wala Kintu kama mwingine aliyemtangulia. Aliyasoma majina hayo kama vitovu viwili ambavyo masimulizi ya koo nyingi yalijikusanya kuvizunguka. Koo zilizotawanyika alizitambua kwa kukutanisha ushahidi wa aina kadhaa, ukiwamo mwiko wa mnyama na kumbukumbu ya mahali pa kutokea, badala ya kutegemea jina pekee. Ubora wa kitabu hicho uko katika kukataa huko.

Hata hivyo kuna mahali ambapo mkutano wa ushahidi unaweza kudanganya. Ngabi, mnyama wa mwiko wa baiseNgobi, ni mwiko wa Wabito wa Bunyoro, na Buganda nako uko ukoo wa Ngabi. Ushahidi mitatu unakubaliana; lakini unaweza kukubaliana kwa sababu ya asili moja, au kwa sababu nasaba ya Bunyoro ilikuwa na heshima ambayo watawala wapya walitaka kuivaa. Mwiko huweza kuchukuliwa sawa na jina. Zaidi ya hayo, wazee wa Cohen walizungumza katika kipindi kilekile ambacho tawala za jadi zilikuwa zikivunjwa. Katiba ya mwaka 1967 ilizifuta. Mtu anayeulizwa habari za babu zake wakati kiti cha babu zake kinaondolewa hajibu kama anavyojibu wakati wa amani. Kwa bahati njema, Cohen aliyachapa baadhi ya maandiko yenyewe katika Towards a Reconstructed Past (1986), hivyo anayetilia shaka tafsiri yake anaweza kurudi kwenye maneno. Ni waandishi wachache wa historia ya eneo hili waliowaachia wasomaji silaha ya kuwapinga.

Moto wa Busoga

Ayalandi iliunguliwa karatasi. Busoga ilipoteza waliokuwa karatasi. Ugonjwa wa malale uliozuka mwanzoni mwa karne ya 20 unakadiriwa kuua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria, na kusini mwa Busoga ni miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Kisha, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1906, serikali ya Gavana Hesketh Bell ikaanza kuwahamisha waliobaki kutoka ukanda wa ziwa. Waliokufa walikuwa na majina ya babu vichwani. Waliohamishwa waliyaacha makaburi ambayo majina hayo yalifungamana nayo. Ardhi ilipokaliwa tena, wengi wa waliokuja hawakuwa wale walioondoka.

Kwa hiyo ukimya wa ufuko wa kusini katika vitabu usichukuliwe kuwa dalili kwamba koo zake zilikuwa chache au changa. Mbinu ya hazina ya Dublin inafaa kuazimwa hapa: kutafuta nakala zilizohifadhiwa kwingineko. Tawi la ukoo lililohamia kaskazini, Buganda au Usamia kabla ya malale linaweza kuwa limetunza kile ambacho shina lilikipoteza. Hapo utafiti wa matawi unaacha kuwa pambo la utafiti wa asili na kuwa njia yake pekee.

Makarani nao waliongeza uharibifu wao. Semei Kakungulu, Mganda aliyeanzisha Mbale, ndiye aliyeongoza Lukiiko la Busoga kati ya 1906 na 1913, na Kiganda kikawa lugha ya ofisi na kanisa. Sauti ya Kilusoga inayoandikwa nh iliandikwa ny. Bunhole, himaya ya Nanhumba ndani ya Busoga, ikaandikwa Bunyole, na katika karatasi ikafanana kabisa na Bunyole nyingine, nchi ya Wanyole iliyo kwenye njia ya kwenda Mbale, yenye watu wengine na lugha nyingine. Karani wa Kearney alikuwa na ndugu yake Jinja.

Mbale kwenyewe hali ni tofauti, na inatosha kutaja mambo mawili. Nasaba kuu ya Wagisu humshusha kila mtu kutoka kwa Masaaba kupitia wanawe Mwambu, Wanale na Mubuuya, na wana hao watatu hulingana vizuri mno na mgawanyo wa nchi: kaskazini, kati na kusini. Ulinganifu wa namna hiyo ni ramani iliyovaa nguo za babu. Lakini Wagisu wana kitu ambacho Wasoga hawana: tohara ya imbalu hufanywa katika miaka shufwa, na kundi la kila mwaka hupewa jina. Mzee asiyejua mwaka alipozaliwa anajua alitahiriwa na kundi gani, na baba yake na kundi gani. Kwa vizazi vya karibu, hiyo ni tarehe ya kuaminika kuliko makadirio ya miaka 25 au 30 kwa kila kizazi.

Kadi na jina

Haya yote yangebaki mjadala wa wasomi kama serikali isingekuwa nayo imeingia katika kazi ya kuandika nasaba. Uandikishaji wa vitambulisho vya taifa ulianza kwa wingi mwaka 2014, ukafuatwa na Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015, na mwaka 2025 ulianza upya kwa ajili ya kadi zilizokwisha muda. Kadi ina nafasi mbili za jina: jina la ukoo na jina la kupewa. Ni muundo uliotengenezwa kwa watu kama Kearney.

Chukua nyumba ya Kisoga ya kawaida. Baba ni Isabirye, mama ni Nabirye, mapacha ni Waiswa na Tenywa, anayewafuata ni Kiiza. Kadi tano, majina matano ya ukoo, na hakuna hata moja kati yake lililo jina la ukoo. Baba anapofariki, olumbe humtangaza mrithi mbele ya watu wanaomjua tangu utotoni. Lakini afisa wa benki au wa ardhi hakuwapo kwenye olumbe. Yeye hutafuta ulinganifu wa majina, na asipouona hudai barua, kiapo, na barua nyingine ya kuthibitisha ile ya kwanza. Mwenye kuchelewa kuzipata huona shamba likibishaniwa na mtu ambaye jina lake tu ndilo linalofanana na la marehemu.

Familia nyingi zimejibu kwa akili: watoto wote sasa hupewa jina la baba liwe la mwisho. Hakuna wa kuzilaumu. Lakini baada ya vizazi vitatu patakuwa na familia za Waiswa kutoka Kamuli hadi Mayuge, kila moja ikiwa na haki ya kuamini kwamba ni tawi la nyingine, ilhali kinachoziunganisha ni kwamba katika kila moja walizaliwa mapacha. Watafiti wa kesho watarithi Kearney maelfu, na safari hii karani hataweza kusingizia kwamba alikosea kusikia.

Washauri wa sera wana nafasi ya kuzuia hilo kwa gharama ndogo. Ukoo huulizwa wakati wa kuandikishwa. Utumike, basi, kama ushahidi wa uhusiano mbele ya ofisi za mirathi, badala ya kulazwa katika mfumo. Uandikwe kwa tahajia ya Kilusoga, pamoja na kiambishi chake, kutoka orodha iliyokubaliwa na mabaraza ya koo. Ukoo wa mama uandikwe pia. Katika kwandhula, siku ya kutambulishwa kwa wachumba, mzee aliyetumwa na ukoo haulizi kijana anaitwa nani. Jina amekwisha kulisikia. Anauliza ni baise gani, baba yake mwana wa nani, babu yake amezikwa kilima kipi, na mama yake katolewa ukoo gani, kwa maana huko nako kijana haruhusiwi kuoa. Kadi iliyo mfukoni mwa kijana haina nafasi ya jibu hata moja kati ya hayo.